Vioo viliichemsha paneli yangu, bati jeupe likaiokoa

Msimu wa upepo wa kaskazi ulipoanza, paneli yangu ya sola ya wati 100 hapa Kisauni, Mombasa, ilinichosha: betri ikiisha na feni ikizima hata saa nne ya usiku haijafika. Nikaegesha vioo viwili pembeni kuiongezea jua. Asubuhi ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zikapanda, nikajiona fundi. Saa saba mchana zikashuka kuliko awali! Nikagusa mgongo wa paneli, nusura niache ngozi pale.

Kumbe nguvu ya paneli hupimwa seli zake, vile vipande vinavyozalisha umeme, zikiwa na nyuzi joto 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hula takriban asilimia 0.4. Yangu ililalia mabati, haina pa kupumulia. Tena kioo humwaga mwanga upande mmoja, na seli zilizoungwa mfululizo hurudishwa nyuma na ile iliyo dhaifu.

Nikatoa vioo. Nikaiinua paneli kwa mbao, shubiri moja, upepo wa bahari upite chini. Kaskazini yake nikasimamisha bati lililopakwa rangi nyeupe, maana msimu huu jua la mchana liko kusini. Mwanga unaorudishwa na bati ni hafifu kuliko wa kioo, lakini umetandaa sawasawa. Chumvi naifuta alfajiri, paneli ikiwa baridi.

Feni sasa inafika usiku wa manane.