Viwanja vya Hispania na yaliyopita juu ya mawe yake

Granada, usiku.

Leo mchana nilikaa muda mrefu katika uwanja wa Bib-Rambla. Unapendeza kweli: vibanda vya maua, miti ya kivuli, chemchemi yenye sanamu ya Neptune kileleni, mikahawa inayouza churros na chokoleti nzito ya moto. Wazee walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto wakikimbiza njiwa. Nami macho yangu yako kwenye maua, mawazo yako kwenye moto. Granada, ngome ya mwisho ya utawala wa Waislamu Hispania, ilisalimishwa kwa wafalme Wakristo Januari 1492, na haikupita hata miaka kumi Kardinali Cisneros akaamuru vitabu vya Kiarabu vikusanywe vichomwe. Bib-Rambla ndipo panapotajwa kuwa vilichomewa, kwa maelfu. Vya tiba vilinusurika, vikapelekwa Alcalá, mji ulio karibu na Madrid, maana elimu ya dawa bado ilikuwa na faida. Na mkataba wa kuusalimisha mji ulikuwa umewaahidi Waislamu dini yao na misikiti yao.

Naandika haya kwa sababu kila ninapopita Hispania nasikia viwanja vikisifiwa kwa uzuri tu. Uzuri upo, siupingi. Lakini mimi uwanja hunishika pale ninapojua nani alisimama hapo kabla yangu, na kwa sababu gani.

Madrid, kwa mfano. Plaza Mayor ilijengwa enzi za Felipe III na kukamilika 1619, ikaungua mara tatu, na mpangilio wake wa leo ni kazi ya Juan de Villanueva baada ya moto wa 1790. Watalii huketi chini ya roshani zake 237. Mwaka 1680 roshani hizo zilijaa watu waliokuja kutazama mahakama ya kidini ikiwasomea watu hukumu kuanzia asubuhi hadi usiku, mfalme mwenyewe akiwapo. Francisco Rizi aliichora siku ile, na picha yake iko katika makumbusho ya Prado. Ukiwa Madrid, itazame kwanza picha, ndipo uende uwanjani.

Halafu teremka mpaka Lavapiés. Huo ndio mtaa niliokaa kwa raha zaidi mjini humo. Maduka ya Wabangladeshi, migahawa ya Wasenegali, na uwanja mdogo wenye jina la Nelson Mandela, ambapo jioni vijana wa Afrika Magharibi hukaa wakizungumza Kiwolofu. Si uwanja wa kupigia picha. Ni mahali pa kukaa na wenzako bila kulazimika kununua kitu, na kwa mgeni aliyeko Ulaya jambo hilo lina thamani kubwa.

Plaza de España ya Sevilla nayo nimeiona: nusu duara kubwa, vigae vya rangi kwa kila mkoa, kazi ya Aníbal González kwa ajili ya maonyesho ya 1929. Inashangaza macho. Hakuna anayeishi pale, na baada ya saa moja nilikuwa nimeshiba.

Barcelona ni kinyume chake. Nyuma ya kanisa kuu, katika vichochoro vya Mtaa wa Kigothi, kuna uwanja mdogo wa Sant Felip Neri. Tarehe 30 Januari 1938, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mabomu kutoka angani yaliangukia hapo yakaua watu 42, wengi wao watoto waliokuwa wamejificha chini ya kanisa. Ukuta umeachwa na mashimo yake, makubwa ya kuingia ngumi. Shule iko pembeni, na wanafunzi hucheza mpira mbele ya ukuta huohuo. Nilisimama nikiwatazama, nikashukuru kwamba hakuna aliyeziba mashimo yale kwa saruji, wala aliyewafukuza watoto ili mahali pawe pa maombolezo peke yake.

Nirudi Granada, maana ndiko moyo wangu uliko wiki hii. Jioni nilipanda kwa miguu Albaicín, mtaa wa kale wa Waislamu ulio mlimani. Vichochoro vyake ni vyembamba na vyenye kona kama vya Lamu, kuta nyeupe zikificha bustani ndani. Kila mtaa ulikuwa na msikiti wake na birika la maji chini ya ardhi. Mabirika kadhaa bado yapo. Kanisa la El Salvador limejengwa pale ulipokuwa msikiti mkuu wa Albaicín, na ua wa kutawadhia haukubomolewa. Umebaki na matao yake. Niliugusa ukuta ule kwa kiganja, sikuweza kujizuia.

Juu zaidi, kwenye uwanja wa San Nicolás, watu husongamana kutazama Alhambra, ngome na kasri la watawala Waislamu wa zamani, ikigeuka nyekundu jua linapotua. Hatua chache kutoka hapo kuna msikiti uliofunguliwa 2003, baada ya karne tano. Bustani yake inatazama Alhambra ileile, na ina utulivu zaidi. Niliswali Magharibi humo, kisha nikashuka kupitia Plaza Larga kutafuta chakula.

Keshokutwa naelekea Salamanca. Kuta za uwanja wake mkuu zina nyuso za wafalme na watu mashuhuri zilizochongwa kwenye mawe ya rangi ya dhahabu, na uso wa dikteta Franco uliondolewa 2017. Ndiyo sehemu nitakayoitafuta kwanza.