Amplifaya inawaka ila haitoi sauti? Anzia pawa saplai

Jamani leo tuongelee hii shida ya amplifaya inayowaka taa vizuri tu halafu kimya, hata ule mlio wa rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) "tak" husikii. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia transista za sauti, wanang'oa kila kitu, kumbe umeme wenyewe haujafika unapotakiwa kufika. Mimi siku zote naanzia pawa saplai, yaani sehemu inayolisha mashine yote umeme, na hii niliyoifungua juzi ndo imenifanya niandike.

Kwanza usalama. Ukishachomoa plagi usidhani ndo basi, zile kapasita kubwa bado zina chaji. Natumia risista ya omu 100 wati 5, naigusisha kwenye miguu ya kapasita sekunde kadhaa halafu napima na multimita mpaka iwe chini ya volti 1. Kupiga shoti na bisibisi siipendi kabisa, inaharibu kapasita na cheche zake si za mchezo. Na kama mashine yako haina transfoma kubwa ya chuma, yaani ni ile pawa saplai ya kuswichi, kapasita yake kubwa inabeba volti zaidi ya 300, hiyo kama hujazoea tafadhali mpe mwenye uzoefu.

Halafu fyuzi. Kioo kikiwa kimepiga weusi ujue kulikuwa na shoti kubwa, usiweke nyingine ukawasha hivi hivi. Unganisha balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 au 100, siriz na waya wa umeme, yaani umeme upitie kwenye balbu kwanza ndo uingie kwenye mashine (ya LED haifai). Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zilikuwa zinajaa tu. Ikibaki inawaka, kuna shoti, mara nyingi daiodi au zile transista kubwa.

Yangu fyuzi ilikuwa nzima na balbu ikafifia vizuri. Transfoma yake ni 25-0-25, yaani volti 25 za AC kila upande, zidisha kwa 1.41 unapata kama 35 za DC, na kweli multimita ikasoma +35 na -35. Hapo mtu anaweza kusema pawa saplai iko poa akaendelea mbele, lakini amplifaya kama hii ina laini ndogo pia za +15 na -15, ndo zinalisha aisii (chipu) za toni na saketi ya kulinda spika, moja ikikosekana rilei haifungi ng'o. Kila laini ina regyuleta yake, kidude kinachoshusha umeme na kuutuliza: 7815 ni ya +15, 7915 ni ya -15. 7815 ilitoa 15 safi. 7915 ikatoa sifuri, ukigusa bodi inaruka mpaka -15 halafu inarudi sifuri.

Hapa kuwa makini, miguu ya hizi regyuleta haifanani. 7815 mguu wa kati ni graundi, 7915 mguu wa kati ndo umeme unaingilia, na kile kibati cha mgongoni kimeungana nao, kwa hiyo usikifunge kwenye chuma bila kihami.

Nikageuza bodi nikaangalia kwa lenzi. Imegeuka kahawia kwa joto, na kuzunguka mguu wa kutolea wa 7915 kuna mstari mwembamba mweusi, duara kamili, ukiusukuma mguu unacheza ndani ya risasi ya kulehemu. Joto linapanda linashuka kila ukiwasha na kuzima mpaka risasi inachoka inapasuka. Nimenyonya ile ya zamani yote, nimekwangua mguu ukang'aa, nikalehemu upya, maana kurundika mpya juu ya iliyochoka haidumu.

Kuhusu kapasita, siungi mkono kubadilisha zote kisa mashine ni ya zamani. Pima kwanza, tena pima na ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita), maana kapasita inaweza kuonyesha mikrofaradi zake zote na bado imekauka. Ukisikia mvumo hata volyumu ikiwa sifuri hapo ndo uzishuku zile kubwa. Zangu zilikuwa nzima nikaziacha, nimebadilisha moja tu ndogo ya mikrofaradi 100 iliyobanana na hitisinki (chuma cha kupozea), nikaweka ya kuhimili joto la nyuzi 105 badala ya 85.

Nikawasha tena kupitia balbu, rilei ikafunga. Kabla ya kuunga spika nikapima DC kwenye matundu yake, milivolti 12 kushoto na 9 kulia. Ingezidi 100 nisingeunga kitu.