Mint kwenye laptopu ya khalati

Ukiniuliza uanze na Linux gani, yaani ule mfumo wa kompyuta wa bure unaowekwa badala ya Windows, jibu langu ni Mint, na kama laptopu yako ni kuukuu, chukua toleo lake jepesi, la Xfce. Ndilo nililomwekea khalati yangu wa Kisauni, mshonaji madera. Laptopu yake ya mtumba ina RAM ya GB 4, na Windows 11 haiikubali. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nzima namna hiyo itupwe? Hapana.

Ubuntu, Linux nyingine, ni nzuri, ipo tangu 2004, na Mint yenyewe imejengwa juu yake. Ila sura ya Ubuntu ni ngeni kwa aliyezoea Windows, tena inataka RAM zaidi. Xfce ina menyu pale pale chini kushoto.

Ninachokipenda zaidi ni kuijaribu kwanza. Unaiandika Mint kwenye flashi, unawasha laptopu kutoka humo, na diski haiguswi. Khalati alijaribu wifi, sauti na kamera, akafungua daftari lake la madeni la Excel kwa LibreOffice, programu ya kazi za ofisi inayokuja humo humo. "Mwanangu, mbona naijua hii?" akaniambia. Hapo ndipo tukanakili picha zake zote pembeni, kisha tukasakinisha.

Faili la kupakua linakaribia GB 3, kwa hivyo tafuta wifi. Bando la simu usiliguse.