Kipa wa timu iliyofungwa

Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa yangu kashikilia kwamba mchezaji asiye na makombe haitwi bora. Nikamuuliza: George Weah je? Alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 1995, na Liberia yake haijawahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja. Tumpunguzie alama kwa kuzaliwa Monrovia?

Hili linaniuma kwa sababu limenikuta. Nilikuwa kipa wa timu ya mtaa kwenye ndondo, na mabeki wangu wawili walikuja uwanjani moja kwa moja kutoka kubeba mizigo, wamechoka hoi. Mechi moja nilipangua mashuti mpaka glavu ya kushoto ikachanika kiganjani. Tukafungwa moja bila. Zawadi ya kipa bora ikaenda kwa kipa wa mabingwa, kijana mzuri kabisa, lakini mechi nyingi mpira haukumfikia.

Sisemi ubingwa si kitu. Mbwana Samatta alipotwaa tuzo ya 2015 ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara, klabu yake, TP Mazembe, ilikuwa imebeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Ila yale mabao aliyafunga yeye! Hapo ndipo ninapotaka tuangalie: ulifanya nini ulipopata mpira, na uliokuwa nao uwanjani ni akina nani.

Jamaa asubuhi hii kanitumia meseji, bado anabisha. Jioni tunakutana tena palepale.