Siku moja na mtungi wa naitrojeni, Njoro, Kenya

Saa kumi na moja unusu alfajiri. Kabla ya chai kuna mtungi. Nafungua kifuniko, nazamisha kijiti cha kupimia mpaka chini, nahesabu, nakitoa na kukipunga hewani. Panapoishia ukungu mweupe ndipo naitrojeni ilipofika. Leo ni sentimita 14, nashusha pumzi. Humo ndani baridi ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na siku naitrojeni ikikauka, mirija yote ya mbegu za dume imekufa, na karo ya watoto wangu imekwenda nayo.

Mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, yaani kumtia mimba bila kuleta dume. Nalisema wazi kwa sababu wapo wanaolisema kwa kunong'ona. Pale stejini vijana wa boda wamenipa jina ambalo sitaliandika hapa. Mama mmoja kanisani aliwahi kuniuliza kama sikuweza kupata kazi ya heshima. Maziwa ya chai aliyokuwa ameshika yalitoka kwa ng'ombe aliyezaliwa kwa mkono huu.

Simu ina video mbili. Ya kwanza imetoka Kihingo jana saa kumi na mbili jioni: ng'ombe amesimama tuli, mwenzake amempanda, ute safi unaning'inia. Ya pili ni ya leo alfajiri, kutoka Lare. Hesabu yetu ni nyepesi: aliyeanza joto, yaani kutaka dume, jioni hupandishwa asubuhi, aliyeanza asubuhi hupandishwa jioni. Zamani nilikuwa nauliza, "Alianza saa ngapi?" najibiwa, "Tangu juzi, au jana, sijui, mtoto ndiye aliyeona." Nilikuwa napanda mlima kwenda kukuta joto limepita. Sasa namwambia kila mkulima asinieleze, anirekodie. Video inakuja na saa yake.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja. Wakati huo kupandisha kwa mrija ilikuwa huduma ya taifa, iliyoanzishwa 1966; gari lilipita barabara zake asubuhi, na wakulima walisubiri kando ya njia na ng'ombe wao wamefungwa. Nakumbuka asubuhi moja ng'ombe wetu aligoma kutembea. Baba anamvuta kwa kamba, mimi nyuma na fimbo, tukafika barabarani tukaona vumbi tu. Baba hakusema kitu. Alimgeuza ng'ombe tukarudi nyumbani, na siku 21 zikaanza kuhesabiwa upya, kwa maana joto halirudi mpaka zipite. Siku 21 bila mimba ni siku 21 za kulisha ng'ombe bure. Kila simu yangu ikilia na mkulima akasema "daktari, yuko na joto," mimi naliona lile vumbi.

Saa moja asubuhi, Kihingo. Nimefuata ramani ya simu mpaka mlangoni, kazi imeisha kwa dakika kumi na tano, mama amelipa kwa M-Pesa kabla sijavua glavu.

Saa tatu niko Likia, na Likia ni baridi. Watu wengi hawajui kwamba mbegu ikishatoka kwenye mtungi adui yake ni upepo. Mrija unatiwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, kwa sekunde kama 40, unakaushwa, unaingizwa kwenye kile chuma chembamba tunachokiita bunduki, kisha bunduki inaingia ndani ya nguo zangu, kifuani, mpaka nimfikie ng'ombe. Nina chupa ya chai niliyoijaza maji moto, nina kipimajoto, na simu ndiyo inayonihesabia sekunde. Nilijifunza kazi hii kwa kuhesabu kichwani huku mkulima akinisemesha, na naamini nimewahi kuharibu mbegu za watu kwa hesabu hiyo. Iliniuma. Siku hizi simu ikilia najua ni sasa.

Saa tano ndipo siku iliponishika.

Mzee mmoja alikuwa amenipigia mara nne nikiwa njiani. Hataki kutuma pini ya ramani, anataka kunielekeza: ukifika kwa mti uliokatwa, uliza. Mti uliokatwa hauko kwa sababu umekatwa. Nilizunguka na pikipiki na mtungi mgongoni nusu saa nzima, mpaka mjukuu wake akachukua simu na kunitumia mahali walipo. Nilikuwa nimepita lango lao mara mbili.

"Daktari, umechelewa," ndiyo salamu niliyopata.

Ng'ombe alikuwa amenunuliwa mnadani wiki mbili zilizopita, Friesian mzuri, anayekamuliwa. Hereni ya sikio imeng'oka, limebaki tundu lililochanika. Lakini nilipomwona usoni nilisimama. Baka jeupe la paji lake linashuka mpaka puani kisha linakata kushoto kama ndoano. Nilikuwa nimeliona mahali.

"Mzee, subiri kidogo."

"Subiri nini? Joto litaisha."

Kila ng'ombe ninayempandisha nampiga picha, uso na ubavu, kwa kuwa mabaka ya Friesian ni kama alama za vidole, hayafanani. Nilitembeza picha pale pale kwenye matope. Nikampata: baka lile lile, boma jingine upande wa Njokerio, tarehe, jina la dume. Siku 94 zilikuwa zimepita. Nikavaa glavu, nikamwingiza mkono taratibu. Mji wa uzazi ulikuwa umejaa, umeanza kushuka mbele.

"Mzee, huyu ana mimba ya miezi mitatu."

"Haiwezekani. Jana alipanda wenzake. Na aliyeniuzia ameniapia hana kitu."

Nikamweleza kwamba wapo ng'ombe wenye mimba wanaoonyesha joto, na dalali wa mnadani hawezi kujua asichoambiwa. Nikamwambia nikipitisha chuma hiki kwenye mlango wa kizazi, naweza kumtoa ndama. Akanijibu neno ambalo bado liko masikioni mwangu: "Nimekuita upandishe, sikukuita unipimie. Kama huwezi, nitaita mwanamume."

Akampigia mpandishaji mwingine. Mbele yangu, sauti ikiwa wazi kwa boma zima. Ningeweza kufunga mtungi wangu na kwenda zangu, na njaa ilikuwa imenibana. Lakini mimba ile niliitia mimi. Yule mpandishaji namjua, tulisoma pamoja. Nikamtumia picha na tarehe kwa WhatsApp, nikangoja. Ikapita robo saa hivi, mvua ikaanza kudondoka, mzee amenipa mgongo. Kisha simu yake ikalia.

"Mzee, nimeona rekodi. Huyo dada amekwambia kweli. Mimi siji."

Mzee akaingia ndani, hakutoka tena. Hakunilipa hata mafuta. Aliyetoka ni mkewe, kikombe cha chai mkononi, akasimama nami chini ya mabati, akauliza polepole, "Sasa atazaa lini, mama?"

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Kulikuwa na mvua, pikipiki ilizama, vijana wawili wakaisukuma. Kulikuwa na mkulima aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi. Lare nilifika jua likizama, taa imewekwa juu ya ndoo, ng'ombe mtulivu, mkono wangu wa kushoto ukiwa umekufa ganzi kuanzia kiwikoni. Ni kikombe cha mwisho cha chai ya tangawizi kilichonirudisha nyumbani.

Sasa ni saa nne usiku. Nimepima mtungi tena, nimeosha gambuti, na nimekaa na simu. Ile picha ya baka la ndoano nimeihamishia kwa jina la mmiliki mpya wa ng'ombe, na namba niliyoweka ni ya yule mama. Mimba ni siku kama 280, zimebaki 186. Nimeweka ukumbusho wa kwanza siku 60 kabla ya kuzaa, nimpigie aache kumkamua ng'ombe apate kupumzika. Wa pili nimeuweka wiki ya kuzaa.

Nimemtumia yule mama tarehe ya kuzaa, na alifungua ujumbe wangu dakika chache zilizopita. Amejibu kwa sauti, kwa kunong'ona, nadhani mzee amelala: "Asante mama. Hata yeye ameniuliza tarehe."