Kinubi Ambacho Hakikutundikwa

Wapendwa katika Bwana, Zaburi ya 137 inatuonyesha mateka walioketi kando ya mito ya Babeli, vinubi vyao vimetundikwa mitini, wakiulizana watawezaje kumwimbia Bwana ugenini. Juma hili nimeisoma nikimkumbuka Fela Sowande, Mnigeria aliyezaliwa Oyo mwaka 1905, mwana wa kasisi wa Kianglikana, aliyelelewa kimuziki katika kanisa kuu la Lagos chini ya mpiga kinanda T. K. Ekundayo Phillips.

Katikati ya miaka ya 1930 alihamia London akikusudia kusomea uhandisi, lakini muziki ndio uliomlisha. Alipiga piano katika bendi za jazi huku akiendelea na masomo ya kinanda, hata mwaka 1943 akahitimu katika ngazi ya juu kabisa ya wapiga kinanda wa Uingereza. Najua wako miongoni mwetu ambao hukwazika mikono iliyopiga muziki wa kumbi za starehe inaposindikiza tenzi. Mimi humwona Mungu akimpa mgeni riziki yake. Mwaka 1945 Wamethodisti wa Kingsway Hall, katikati ya jiji hilo, walimkabidhi kinanda chao, akakitumikia hadi mwaka 1952.

Hapo ndipo moyo wangu unapotua. Sowande angeweza kuridhika na kazi za Bach, mtunzi mashuhuri wa Kijerumani, wala asingelaumiwa na mtu. Badala yake alitunga kazi za kinanda juu ya nyimbo za Kiyoruba alizokua nazo, akaziacha na majina ya kwao, kama vile "Obangiji" na "Jesu Olugbala", yaani Yesu Mwokozi. Kiyoruba ni lugha ambayo sauti ikipanda au ikishuka, maana ya neno hubadilika. Ndiyo maana tenzi zilizotafsiriwa na kuvishwa tuni za Ulaya ziliweza kuyapotosha maneno vinywani mwa waumini, jambo ambalo Phillips alilishughulikia kwa miaka mingi. Kwa hiyo tuni ya nyumbani, hata ikipigwa bila mwimbaji, humnong'oneza Myoruba maneno yake ya sala.

Baadaye Sowande alirudi Nigeria, kisha akahamia tena, safari hii Marekani, alikofundisha vyuoni na kufariki dunia huko Ohio mwaka 1987.

Juma hili nawaombea ndugu zetu wanaoabudu ugenini, hasa wale wanaoketi viti vya nyuma bila kujulikana wana karama gani, wapate kanisa litakalowafungulia kinanda chake.