Leo nimeiona Atlantis, ile shato (chombo cha anga) ya Marekani, kwa macho yangu

Jamani bado moyo unanienda mbio.

Tuko Florida na shemeji na watoto, tumeingia pale Kennedy Space Center nikidhani tutakuta kitu kimekaa chini kama ndege ya makumbusho, kumbe wameiinua juu imelalia ubavu, milango ya mgongoni iko wazi kabisa, yaani unaiona vile wanaanga walivyokuwa wanaiona huko juu.

Vigae vya tumboni vya kuzuia joto bado vina alama za moto. Nimesimama hapo mpaka watoto wakanivuta mkono.

Hii ndo shato ya mwisho kuruka, Julai 2011. Walienda wanne tu, Ferguson, Hurley, Magnus na Walheim, maana hakukuwa na shato nyingine ya kuwafuata ikiharibika, wangerudi kwa Soyuz, vyombo vya anga vya Warusi, mmoja mmoja. Na kazi yenyewe ilikuwa mizigo, zaidi ya tani 4 za chakula na vipuri, wanahamisha begi moja moja kuingiza kwenye kituo cha anga cha kimataifa, siku baada ya siku.

Ila kilichonishika ni kile kibendera cha Marekani.

Kilipanda na shato ya kwanza kabisa 1981, halafu 2011 hawa wanne wakakiacha kituoni waje wakichukue watakaoruka tena kutoka Marekani. Miaka 9 kinasubiri tu. 2020 aliyeenda akarudi nacho nani? Hurley huyohuyo!!

Machozi yamenitoka mbele za watu.

Nani anaikumbuka ile Julai 2011? Ulikuwa wapi? Niambieni hapa.